Samaki wa Mgodini

"Koroga supu, shoga, itaungua!" Bibi Fusae alifoka. Meli ya utafiti ilikuwa tayari inafunga kamba gatini, na kisiwa kizima, wazee arobaini na mmoja, kilikuwa kikipunga bendera kama kimeingiwa na wazimu. Tangu mgodi wa makaa ufungwe, nani alikuwa amewakumbuka?

Watafiti walikuja kuchungulia samaki walioingia mgodini baada ya kampuni kuufunga na kuujaza maji ya bahari.

"Wakirudi Osaka waambie wamsalimie Yasuji wako," jirani yake, Hatsuyo, alimchokoza.

"Wamtemee mate!"

Utani huo Fusae alikwisha kuuzoea, lakini bado ulimchoma. Miaka arobaini! Siku ile ile mgodi ulipofungwa, mumewe Yasuji alitoweka, na yule mwanamke wa kantini naye akapanda feri kwenda Osaka. Nani asiyejua kujumlisha? Fusae alizichana picha zote za mumewe. Ubani wa kuwakumbuka wafu hajawahi kumchomea, na aliapa hatamchomea.

"Mwanamume gani yule!" alilalamika, huku akipakua supu ya tambi. "Mzembe! Kila mchimbaji akitoka shimoni anageuza kibao chake cha jina, ijulikane kapanda. Yeye? Miaka kumi na moja namgeuzia mimi, pale chumba cha taa za wachimbaji nilikofanya kazi, asije akakaripiwa. Hata siku ya mwisho, kampuni inangoja kuachia maji, vibao vyote vishageuzwa, chake tu kimekaa! Nikasema, huyu kashapanda, kasahau kama kawaida yake. Nikamgeuzia. Kumbe mwenzangu yuko kwenye feri na kimada wake!"

"Wanaume hao," Hatsuyo alisema.

Mchana watu walijazana ukumbi wa shule kutazama kile kamera ya watafiti ilichokiona chini mgodini. Kila samaki alipopita walipiga makofi. Mmoja alipita mnene, mashavu yamemvimba, na Fusae akapaza sauti, "Hatsuyo huyo!" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mara taa ya kamera ikamulika mlango wa chuma wa mgodi, kwa upande wa ndani. Makofi yakakoma. Mifupa ya mtu ilikuwa imeegemea pale, kofia ya kazi ingali kichwani.

Mtafiti aliisogeza picha karibu. Jina lililoandikwa kwenye kofia lilikuwa limefifia, lakini Fusae aliutambua mwandiko. Ulikuwa wake yeye mwenyewe.