Dole la Mwamvua

Mwamvua, mlinzi wa uwanja wa ndege, alikuwa akifukuza mbuzi kwenye lami alipoiona ndege inayokuja. Haijapata kutua pale ndege kubwa namna ile.

"Mheshimiwa, hii haitatosha hapa!"

Diwani, aliyekuja kupokea wageni, akaangusha shada la maua. "Wameiamini ile karatasi," akanong'ona.

Karatasi ilisema fedha za serikali zimefika na lami imerefushwa maradufu. Mwamvua aliitia dole gumba kama shahidi, maana diwani alimwambia ni utaratibu tu. Lami yenyewe iliishia palepale pa siku zote, kwenye mahindi.

Akavua kanga ya begani, akatimua mbio katikati ya uwanja, akiipunga kwa mikono miwili.

Ndege ikamwashia taa mara mbili, kama inayoitikia salamu, kisha ikashusha magurudumu.