Mkebe wa Mataruma

Roseline alisoma fomu ya shirika la reli mara mbili. Chanzo cha ajali: fundi wa reli alikuwa amelewa.

Fundi huyo ndiye mumewe, aliyelaliwa na behewa treni ilipoacha njia. Msabato wa kuzaliwa, asiyegusa pombe. Hata majani ya chai hayakuwahi kuingia nyumba hii ya mtaa wa Mbotela.

"Weka sahihi, mama, tufunge faili," alisema karani, huku akifyonza jicho la samaki aliyeandaliwa. Mchuzi ulimtiririka hadi kwenye saa.

"Na ajali ya mwaka wa sabini na tatu? Na ile ya sabini na nane? Wote walikuwa wamelewa?"

"Hiyo reli ya mashambani imejaa walevi, mama."

Roseline akaleta mkebe wa mafuta ya Kimbo alioacha mumewe. Ndani mlikuwa na vipande vya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kimoja kwa kila ajali, na karatasi ya tarehe. Cha mwisho kililetwa na wenzake siku ya matanga. Vyote vilikuwa vimeoza, vinafikichika kama mkate mkavu.

Akavimwaga kwenye sahani ya karani, juu ya miiba.

"Kula," akasema. "Kwetu mgeni haondoki kabla hajashiba."