Faili la Kubofya

"Hebu soma tena hapo kwenye 'mjinga'," Fundi Mkuu aliomba, akijifuta machozi ya kicheko.

Mwandishi hakutaka. Ujumbe ulitoka kwa mteja mwenye duka la dawa, asiyetaja jina, ambaye wiki nzima alikuwa akishindwa kuweka programu yao kwenye kompyuta yake. Alikuwa amemalizia hivi: *Labda mimi ndiye mjinga.* Na mwongozo uliomfikisha hapo aliuandika Mwandishi mwenyewe, pamoja na ile sentensi ya kwanza aliyoambiwa na Fundi Mkuu aiandike: *Hata mtoto anaweza.*

Aibu ilimbana shingoni kama kola ya shati la kuazima.

Asubuhi hiyo walikuwa wanaamua mwongozo mpya upendekeze njia ipi ya kuweka programu. Fundi Mkuu alitaka ya kuandika amri moja moja kwenye kile kidirisha cheusi cha kompyuta, kwa kuwa aliibuni yeye. Mwandishi alitaka faili la kubofya tu, programu ikajiweka yenyewe.

"Kaka, watu wanakwama."

"Watu gani? Huyo mmoja? Mdogo wangu, hatupangiwi kazi na mtu aliyeacha akili kabatini."

"Ameacha namba. Mwambie mwenyewe."

"Piga! Weka sauti kubwa, wote tufaidi."

Ofisi nzima ikasogeza viti. Simu ikapokelewa.

"Samahani kwa usumbufu, jamani," alisema mwanamke. "Ngojeni nifunge mlango. Sipendi wateja wanione nikishindwa."

Mtu mmoja akachekea puani. Fundi Mkuu hakucheka.

"Huna wa kukusaidia, dada?" Mwandishi aliuliza.

"Ninaye, tena mtaalamu. Nilimwomba mara moja, akaniuliza shule nilienda kufanya nini, kufagia? Basi, tangu siku hiyo najifanya nimeshaweza."

"Kata simu," Fundi Mkuu alinong'ona.

Mwandishi akatikisa kichwa. Leo alikuwa anashinda, hakuwa na haraka. "Dada, kosa ni letu. Tutaubadilisha mwongozo."

"Msihangaike kwa ajili yangu. Nionyesheni tu nilipokosea, nimalize kabla mume wangu hajarudi nyumbani."

Fundi Mkuu aliinuka, akaichukua simu mezani, akazima sauti kubwa. Akageukia ukuta, mgongo kwa watu wote.

"Achana na amri, Mama Pacha," alisema polepole. "Bofya lile faili. Ni mimi."