Msonobari wa Leonsia

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997. Asubuhi ilikuwa kavu, yenye baridi kidogo, na upepo wa ziwani ulileta harufu ya samaki hadi Mkuyuni. Fundi Okumu alikuwa amepiga goti, akitoboa kwa tindo na nyundo ukuta alioujenga mwenyewe.

"Chini zaidi, fundi," alisema Leonsia, mwenye nyumba.

"Dada, chini zaidi ni ardhi."

"Bado kidogo. Fuata alama."

Alama waliiweka jana yake. Leonsia alipiga magoti kando ya jiwe kubwa lililo katikati ya ua, akafunga jicho moja, akaelekeza kwa kidole, na Okumu akachora kwa mkaa. Hakuuliza sababu. Kila mtu mtaani alijua kwamba mjane huyo husali hapo kila alfajiri, kwa magoti, na ziwa lilikuwa nyuma ya ukuta huo, chini ya mteremko.

"Hili ni dirisha la mbuzi," alinung'unika.

"Mbuzi naye kaumbwa na Mungu. Piga nyundo."

Juu ya jiwe hilo palikuwa na chungu kifupi, na ndani yake msonobari mweusi wa Kijapani, mzee kuliko Okumu lakini mfupi kuliko ndoo. Leonsia aliachiwa mti huo na mhandisi Mjapani aliyekuja kufunga mitambo ya barafu katika kiwanda kipya cha samaki, ambaye yeye alikuwa akimpikia. Kabla ya kurudi kwao, mhandisi alimfundisha kazi yote ya kuufanya ubaki mfupi. Masika yakiisha, machipukizi husimama kama mishumaa. Ya juu yenye nguvu yakatwe, ya chini yaliyo dhaifu yahurumiwe. Kiangazi, majani ya zamani yanyonyolewe, na matawi yafungwe waya wa shaba ili yainame. Leonsia alilipenda neno hilo, mishumaa. Hakukata hata mmoja bila kufanya ishara ya msalaba.

Mti huo ndio uliokuwa msalaba wa Okumu.

Miaka miwili kabla ya hapo alimtuma mzee Ndalahwa, mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala, ampelekee Leonsia posa. Mzee akaisema papo hapo baada ya sala, watu wote wakisikia. Leonsia aliona haya. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye msonobari.

"Siku mti huu utakapoona ziwa, ukiwa hapa hapa juu ya jiwe, nitaolewa na Okumu."

Watu walicheka. Okumu aliutazama ukuta wake, mrefu kuliko mtu, akacheka pia. Mti ni mti, alijiambia; utakua. Leonsia peke yake hakucheka. Neno lililosemwa baada ya sala, kwake lilikuwa nadhiri.

Okumu akaanza kuuhudumia. Alileta samadi. Kisha, kwa siri, akaumwagia maji yaliyooshewa sangara.

"Fundi," Leonsia alimwambia kesho yake, "paka wote wa Mkuyuni wamehamia kwangu. Una habari?"

"Paka wanapenda nyumba ya sala, dada."

Kila masika yalipokwisha, msonobari ulitoa mishumaa mirefu, na moyo wa Okumu ukapanda nayo. Kisha Leonsia alikuja na mkasi wake mdogo.

"Wenzako hukataliwa kwa maneno," jirani yao Mama Kija alimcheka. "Wewe unakataliwa kwa mkasi!"

Mwaka huu Okumu alishindwa kuvumilia. "Acha hata mmoja wa juu."

"Nikiuacha, ya chini itakufa na umbo litaharibika. Nilikabidhiwa, fundi. Siwezi kuharibu nilichokabidhiwa."

"Na mimi je?"

Leonsia alijifanya hakusikia. Akakata.

Basi Alhamisi Okumu alikuja kuaga. Geita kulikuwa na kazi ya kujenga kambi ya wachimbaji. Angeondoka Jumatatu, na hakuona sababu ya kurudi. Leonsia aliingia ndani kusali. Alikaa huko hadi chai ikapoa. Alipotoka alisema tu, "Nina kazi moja ya mwisho. Lete tindo."

Ndiyo maana leo Okumu alipiga nyundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alasiri jumuiya walikuja kusali. Tundu lilikuwa tayari, limepigwa lipu safi pembezoni. Mama Kija aliliinamia, akacheka, akauliza kama kuku nao wamepata ukumbi. Baada ya amina ya mwisho, Okumu aliokota mfuko wake wa zana.

"Ngoja, fundi," alisema Leonsia. "Mzee Ndalahwa, naomba upige magoti hapa, nyuma ya mti. Weka jicho lako usawa wa matawi, utuambie unaona nini."

"Kwa magoti yangu haya, binti?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Mzee alishuka taratibu huku akiguna, akashika jiwe, akafunga jicho moja. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Jamani," alisema, "mti unaona ziwa."

Leonsia alisimama wima katikati ya ua, mkasi mkononi.

"Basi nasema mbele yenu nyote: nitaolewa na Okumu. Na mti wangu nitaendelea kuukata."