Kanga na Hatujambo za Bondeni

Mvua zilipoleta kipindupindu mtaa wa Bondeni, Kanga, mwenye miguu isiyochoka, alipewa kazi ya kuwatafuta wagonjwa. Kila asubuhi alibisha mlango kwa mlango. "Hamjambo humu?"

"Hatujambo!" waliitikia wote, naye akampelekea tabibu Bata habari njema.

Siku moja Kanga mwenyewe akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Bata akaja kumjulia hali. "Hujambo, shoga?"

"Sijambo," akajibu Kanga, huku akigaagaa sakafuni. Papo hapo akashtuka. "Ala! Kumbe ndivyo wanavyonijibu!"

Alipopona alirudi kubisha milango, akaanzia kwa jirani yake Mbuzi.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Vyema. Adabu tumeimaliza, shoga. Sasa, nani anaharisha?"

Mbuzi akainamisha kichwa. "Sote, mwenzangu. Ingia, tulikuwa tunangoja uulize."