Hamu Niliyomtolea Somoe

Uvumi ule niliusikia kwenye mashine ya kusaga, ukanikaa kichwani: mama akimtolea mwanawe njaa, haitoki njaa peke yake. Lakini saratani ya mapafu ilikuwa imemkondesha Somoe wangu hadi kanga haimkai kiunoni, na siku hizi homoni ya njaa hutolewa na ndugu wa damu, akatiwa mgonjwa. "Tunachukua hamu ya kula tu, mama," nesi aliniambia. Nikatoa.

Jioni Somoe akaita, "Mama, nataka ming'oko!"

"We! Si ulisema mizizi hiyo ya porini ni kuni za kuchemsha?"

"Basi leo natafuna kuni. Na pilipili uongeze."

Akala kama nilivyokula mimi utotoni, mama yangu akinichagulia iliyonona. Nikaonja mmoja, ukawa kama karatasi. Sikujali, mwanangu ananenepa.

Alipopata nguvu akarudi kwa mumewe Newala. Zamani nilikuwa naanza kumkumbuka hata hajafika njiapanda. Safari hii nilikaa mlangoni nikingoja kuwa na hamu naye, haikuja.

Kina mama, jiepusheni na haya:
Kutoa kabla hamjala pamoja mkashiba.
Kutoa mara ya pili.
Kumwambia mtoto kilichotoka pamoja na njaa.