Mbwa wa Ukoo Mkali

"Shuka, bwana, usituogope!" mfugaji wa mbwa alimpigia kelele mwizi aliyekuwa ameduwaa juu ya ukuta, kitambaa usoni.

Kisha akamnong'oneza mama mwenye bohari, aliyekuja kutafuta mbwa wa ulinzi na kuketi naye barazani: "Ni shemeji yangu huyo. Nimemwomba aje atufanyie jaribio. Sasa utamwona Kisu."

Mfugaji alikuwa roho juu. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mkewe alikuwa amekata shauri: mbwa wauzwe leo, la sivyo yeye anarudi kwao. Na mfugaji alimpenda sana mkewe, ingawa kumwambia hivyo kulimshinda.

"Kisu ni mbwa wa ukoo, mama. Babu yake, bibi yake, wote nimewachagua mwenyewe. Kila uzao nawapima mmoja mmoja. Anayening'ata namgawa. Anayenilamba mkono ndiye ninayemzalisha."

Mama akageuka. "Wanaong'ata unawagawa?"

"Sasa mama, nitaishije na mbwa anayeng'ata?"

Mwizi akaruka chini. Kisu akamtokea mbio, na mfugaji akafumba macho kwa fahari. Alipoyafumbua, Kisu alikuwa chali, anakunwa tumbo.

Mama mwenye bohari alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mfugaji alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Amemjua kwa harufu," alijitetea. "Kitambaa hakifichi harufu. Lakini ngoja aguse mali, ndipo utajua kwa nini nilimwita Kisu. Shemeji! Ingia ndani, chukua televisheni!"

Mwizi alijigusa kifua, kama anayeuliza, mimi? Akatazama nyuma. Kisha akaingia. Alikawia kidogo, akatoka na televisheni begani, redio kwapani, na mkoba wa mke wa mfugaji shingoni. Mfugaji hakujua kama shemeji yake ana kipaji namna ile. Kisu alimtangulia kwa furaha, kandambili mdomoni.

"Subiri," mfugaji alisema, jasho likimtoka. "Langoni ndipo Kisu anapokuwa mkali hasa. Hapo hapiti mtu."

Akaenda kulifungua kwa mkono wake, maana mwizi mikono ilikuwa imejaa. Mwizi akamwinamia kwa adabu, akapita. Kisu naye akapita.

Mama akainuka, akakung'uta gauni. "Asante kwa maonyesho, baba. Mimi nitanunua kufuli."

Akaondoka zake. Mfugaji alibaki ameegemea ukuta, akiwaza atamwambia nini mkewe kuhusu mbwa waliobaki. Mara akasikia mtu anakuja mbio. Alikuwa shemeji, anahema, kitambaa bado kimekunjwa mkononi.

"Nisamehe, shemeji, gari liliharibika njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Mteja ameshafika? Nipande ukuta sasa hivi?"